Mbwa Asiyesomeka

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Mimi ndiye Profesa wa hapa. Shule niliiacha mapema ili na wengine wapate nafasi ya kushika namba moja, na leo ni fundi simu ambaye mkono wake umefufua simu zilizokwisha kuliliwa. Lakini asubuhi hiyo hata utani wangu ulikosa mteja. Gari lenye kipaza sauti, na kizimba cha chuma nyuma, lilikuwa limepita likipiga kelele: "Kila mbwa awekwe chipu! Mbwa asiyesomeka atachukuliwa!" Na chini ya benchi alilala Shemeji, mbwa wa Mzee Soli, fundi viatu. Jina tulimpa sisi, kwa sababu alikuja bila kualikwa, akala, akagoma kuondoka. Tangu Mzee Soli amzike mkewe, nyumbani kwake wanaopumua ni yeye na huyo mbwa tu.

Mzee Soli: Profesa, "asiyesomeka" ndiyo nini?

Mimi: Asiyesoma ni mimi, mzee. Asiyesomeka ni mwandiko wa daktari.

Wembe (ndiye kinyozi): Acha masihara wewe! Jana kabebwa mbwa wa jirani yangu. Kimebaki kinyororo mlangoni.

Mama Kahawa (muuza kahawa wetu): Hiyo chipu yenyewe wanaiweka wapi?

Mimi: Shingoni. Kitu punje ya mchele, sindano yake msumari.

Wembe: Ndiyo wahenga wakasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama Kahawa: Ukuta shingoni?

Wembe: Sasa je! Hatageuka tena huyo.

Mzee Soli: Ikishaingia inafanya nini?

Mimi: Inashika mtandao. Ile ni laini ya simu, mzee, niulize mimi.

Mama Kahawa: Basi inasikia! Tunachosema hapa kinafika ofisini. Kikulacho ki shingoni mwako.

Tukashusha sauti wote, hata mimi niliyeleta habari.

Mzee Soli: Na chaji? Inachajiwa na nini?

Hapo nilibanwa. Ila fundi habanwi mbele za watu.

Mimi: Inanyonya damu.

Sindano ya Mzee Soli ikasimama juu ya ngozi.

Wembe: Atakonda abaki mkia! Na wakimaliza mbwa, wanakuja kwa wenye mbwa. Kisha watatuita sisi vinyozi, maana shingo za watu tunazijua.

Mzee Soli: Nikimpeleka, ananyonywa. Nikimficha, anabebwa. Niambieni, wanangu, nifanyeje?

Wembe: Mficha maradhi kifo humuumbua. Mfiche.

Mama Kahawa: Hiyo methali si inakataza kuficha!

Wembe: Inakataza maradhi. Huyu mzima.

Kipaza sauti kikasikika tena, safari hii mtaa wa pili. Mzee Soli akavua aproni yake, akamfunika Shemeji. Mkia ukabaki nje.

Ndipo akaja dada mmoja anachechemea, buti moja mkononi, soli imeachia.

— Shikamoo mzee. Nishonee hili, bado nina mtaa mzima wa kuzunguka.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Mzee akaanza kushona. Shemeji, mbwa asiye na siri, akatoka ndani ya aproni kwenda kumnusa mgeni. Dada akacheka, akatoa mfukoni kitu kama tochi, akakipitisha shingoni mwa Shemeji. Ti! Wembe akarukia nyuma ya kiti chake.

Dada: Mimi daktari wa mifugo. Mbona mmemfunika? Huyu anasomeka.

Mimi: Haiwezekani! Hajawahi kuwekwa kitu.

Dada: Anayo. Ya siku nyingi, labda kabla hajaja hapa.

Tukamtazama Shemeji, kanenepa kama mto wa kitanda.

Mama Kahawa: Profesa, ananyonywa wapi? Kwenye kivuli?

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na Mzee Soli akacheka, mpaka uzi ukamponyoka. Sisi tulidhani yameisha. Dada alikuwa bado anasoma simu yake, alikoingiza namba ya chipu.

Dada: Anaitwa Rubi.

Shemeji akainua masikio. Kwa jina letu alikuwa akiinua pua tu, tena palipo na chakula.

Dada: Wenyewe waliandika amepotea, bado wanamtafuta. Namba yao hii hapa. Niwapigie?

Mama Kahawa akainamisha birika. Likatoa tone moja, basi. Wembe akaanza kunoa wembe uliokwisha nolewa. Wakanitazama mimi, mwenye jibu la kila kitu, nami nikaitazama miguu yangu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

— Subiri kwanza nimalize buti lako, mwanangu, akasema Mzee Soli.

Akashona mpaka mwisho wa soli, akakata uzi. Kisha akaufumua wote, akaanza upya.