Rhoda Kasiva Ndeti, Aliyeuliza Swali la Arobaini na Moja

Rhoda Kasiva Ndeti alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Kikima, Mbooni, mtoto wa pili na binti wa pekee wa marehemu mzee Ndeti na mama Kavindu. Anayewasomea ni Muindi, kaka yake mkubwa. Mtanivumilia nikikwama mahali.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kikima, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1993, na akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1997. Tangu akiwa darasa la sita, kina nyanya wa kijiji hiki walimtuma awaandikie barua kwa waume na wana wao waliokuwa Mombasa. Mama yetu alimdadisi sana ajue nani ameandika nini. Kasiva alijibu kila mara, "Mwaitu," yaani mama, "wote wanasalimia tu." Hata akiahidiwa nyama hakufungua mdomo.

Mnamo Desemba 2003 aliolewa viungani mwa mji wa Kitui. Mbuzi wa ntheo waliletwa katika boma hili, wakachinjwa, tukala. Kwa Mkamba, mbuzi hao wakishaliwa, msichana ni wa watu. Mungu aliwajalia Katunge mwaka wa 2005. Baba Katunge alikuwa fundi hodari wa mawe, lakini pombe ilimshika, na akilewa alimpiga mkewe.

Wasifu wa kwanza tulioandika uliruka kutoka hapo hadi kwenye kazi yake, kisha ukasema "aliugua kwa muda mfupi". Ni mimi niliyeandika hivyo. Katunge aliusoma, akanirudishia karatasi. "Anko, Mwaitu alisema ukweli ndio iandikwe. Miaka kumi na tano si muda mfupi." Kwa hivyo nasoma jinsi marehemu alivyotaka.

Jumapili tarehe 3 Agosti 2008, tukitoka kanisani, tulimkuta Kasiva ameketi mlangoni, taya limevimba, Katunge amemlalia mapajani. Baba alikuwa ameshafariki na mwenye neno katika boma hili nilikuwa mimi. Nilimwambia, "Mbuzi walishaliwa, Kasiva. Hapa si kwenu tena. Rudi uvumilie." Hata maji sikumpa. Nilimsindikiza hadi stendi nikijiona mwanamume mwenye busara.

Alirudi. Akaanza kunywa zile pombe kali za chupa ndogo ili apate usingizi. Sisi tukamsengenya, akaondolewa kwenye kwaya ya kina mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anakunywa kwa nini. Mwaka wa 2010, akiwa na mimba ya Gedion, alipimwa akaambiwa ana virusi vya ukimwi. Gedion alizaliwa bila virusi kwa sababu mamake hakukosa kumeza dawa hata siku moja. Mumewe alikataa kupimwa, akafariki mwaka wa 2012. Kama ningemkaribisha Jumapili ile, huenda mambo yangekuwa mengine. Hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Pombe aliiacha mwaka wa 2013, akishikwa mkono na mshauri wa kliniki na wanawake wenzake waliokuwa wakimeza dawa. Mwaka wa 2016 aliajiriwa kuhoji wanawake katika utafiti kuhusu dhuluma za nyumbani, majeraha ya moyo, ulevi na virusi, kutoka Kitui hadi Malili. Naamini alizaliwa kwa kazi hiyo. Akimkuta mama anachambua ndengu, alimsomea kwanza karatasi ya ruhusa neno kwa neno, kisha akavuta ungo wakachambua pamoja, kwa sababu mtu huongea vizuri macho yakiwa kwa kazi. Majirani wakimuuliza ameambiwa nini huko ndani, alijibu, "Ndengu ya mwaka huu iko na wadudu sana." Ni yule yule wa barua.

Fomu yao ilikuwa na maswali arobaini: kupigwa ukurasa wake, pombe ukurasa wake, virusi ukurasa wake. Kasiva alimwambia mkuu wa utafiti, "Daktari, hapa mmeandika kama vitu tatu. Kwa nyumba ni kitu moja." Akaomba waongeze swali moja: Mtu wa kwanza uliyemwambia alikujibu nini? Likawa swali la arobaini na moja. Alisema wanawake walijibu yote arobaini macho makavu, wakifika hilo wakalia.

Novemba 2024 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa Nairobi, na mwezi wa Aprili nikamleta hapa nyumbani. Siku moja mchana nilikuta fomu tupu katika vitu vyake, nikaisoma yote. Nilipofika swali la mwisho nilimuuliza yeye angejibu nini.

"Si unajua," akasema. "Ni wewe niliambia."

Nililia mbele yake kama mtoto, nikamwomba msamaha. Akanishika mkono. "Nilikusamehe kitambo, Muindi. Lakini siku hiyo ungesema tu, 'Keti, nikupatie chai.' Hiyo tu. Ukisoma mbele ya watu, waambie hiyo."

Kasiva alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 katika hospitali mjini Wote, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Wapo wazee waliouliza kwa nini binti aliyeolewa azikwe kwa baba yake. Kaburi nimelichimba mimi na Gedion, hatua ishirini kutoka mlango ule.

Amewaacha mama yetu Kavindu, watoto wake Katunge na Gedion, mimi na mke wangu, na wanawake wengi wa Kitui na Malili ambao majina yao hakuwahi kumtajia mtu.

Wazazi na ndugu mlio hapa, binti yenu akija mlangoni, mnajua la kumwambia.

Kasiva, hapa ni kwenu. Keti, dada yangu, upumzike kwa amani.