Kengele Mbili za Vadakurichi

Baba Paroko Irudayam, Mheshimiwa Gnanapragasam, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, masista wapendwa, waheshimiwa wa Mtaa wa Juu mliokaa kwenye viti, na ninyi ndugu zangu wa Mtaa wa Chini mliokaa mkekani huko nyuma, pale pale tunapokaa siku zote: Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti, katika kuniaga leo ninapostaafu, amenisifu sana. Amesema mimi Savarimuthu nimepiga kengele za kanisa hili la Vadakurichi miaka thelathini na minane bila kukosea hata siku moja. Namshukuru, ila amesahau. Nilikosea mara moja, naye alikuwepo.

Utaratibu wetu wa misiba mnaujua. Akifa mtu wa Mtaa wa Juu, inalia kengele kubwa. Akifa wa Mtaa wa Chini inalia ndogo, ile ambayo upepo ukivuma kidogo haisikiki hata kisimani. Mwaka wangu wa kwanza kazini alifariki mtoto wa jirani yangu Rosari, nami kwa uchungu nikavuta kamba ya kubwa. Mtaa wa Juu wote ukamiminika hapa, kina mama wameshaanza kulia. Mheshimiwa mwenyekiti, wakati huo kijana, akaja mbio.

"We Savari, nani katutoka?"

"Mtoto wa Rosari, bwana."

"Rosari yupi? Huyu wa chini? Yaani watu wameacha kahawa zao kwa ajili ya huyo?"

Wakafuta machozi, wakarudi kwenye kahawa. Mimi nikapigishwa magoti mbele ya halmashauri, niombe radhi. Radhi ya nini, ndugu zangu? Ya kuwafanya Wakristo wamlilie mtoto aliyebatizwa kwenye birika lile lile walilobatiziwa wao?

Tangu siku hiyo sikukosea tena. Mke wangu Arulmari alikuwa akinichokoza: "Baba Jesinta, hivi huko mbinguni nako wanazo mbili?" Nami namjibu, "Nyamaza mama, mdomo huo utatuponza." Mtu mzima mimi, rozari mkononi kila siku, naiogopa halmashauri kuliko ninavyomwogopa Mungu.

Kwaresima iliyopita Arulmari alifariki. Asubuhi nikapanda mnarani peke yangu. Baba Paroko alikuwa safarini, mwenyekiti yuko kwake anakunywa kahawa, hakuna wa kuniamuru wala wa kunikataza. Kamba zote mbili ziko mbele yangu. Nikavuta ndogo.

Nimewachukia miaka mingi, waheshimiwa, sitawaficha. Lakini sijapata kumchukia mtu kama nilivyojichukia mwenyewe asubuhi ile. Tumesomewa leo kwamba Mungu ametukomboa kwa gharama kubwa, basi tusirudi kuwa watumwa wa wanadamu. Kule juu bwana wangu alikuwa nani? Mungu hakuniambia nivute ndogo. Ninyi ndio mlionivuta mkono, na wala hamkuwepo!

Shali hii nzuri ya heshima naiona. Wageni wengine wote mwenyekiti amewavisha kwa mikono yake, mabegani, kama desturi yetu ilivyo. Yangu ameiweka mezani, asije akanigusa, nijichukulie. Ibaki hapo hapo, Mheshimiwa, usihangaike.

Kwenye ratiba imeandikwa kwamba sasa nikabidhi ufunguo wa mnara. Nitaukabidhi, lakini nikishashuka. Arulmari bado hajapigiwa kengele yake. Nakwenda kuvuta kubwa, mapigo yote anayostahili mwanamke aliyeolewa, na kijiji kizima kitatoka kuuliza nani amekufa. Baba Paroko, tafadhali waambie ni mke wangu. Anayetaka kunizuia ngazi anazijua, ni themanini na mbili, nami mzee napanda polepole, atanikuta. Ila aje akijua kwamba leo sitapiga magoti.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Naomba njia nipite.