Helmi, Aliyezima Meko ya Mama Mkwe

Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani na marafiki mliofika licha ya theluji hii, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza mpendwa wetu.

Helmi Charbonneau, ambaye kwao aliitwa Helmi Salmela, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Port Arthur, ambako leo ni sehemu ya Thunder Bay, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Toivo, mkata magogo, na mama Saimi, mpishi wa kambi ya wakata magogo. Alimaliza sekondari mwaka 1967, akaajiriwa karani katika duka la vifaa vya kupashia nyumba joto, na kwa kuwa hakupenda kuuza kitu asichokielewa, alianza kufuatana na mafundi, akasomea ufundi wa gesi, akapata leseni mwaka 1975, mwanamke pekee darasani, jambo ambalo wenzake walilitania mpaka wakachoka wenyewe.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Ovila Charbonneau, dereva wa treni ya mizigo, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Réjean na Lise.

Mama mkwe wake, marehemu Délima, alichelewa kumkubali, na hatuoni sababu ya kuficha hilo leo. Sikukuu ya Krismasi mwaka 1986, familia ilikusanyika kwake, pai za nyama ziko mezani, sebuleni yanawaka meko mapya ya gesi, na Délima alikuwa ameyapanga upya yale magogo ya bandia ya udongo yanayokaa ndani ya moto wake ili yapendeze. Helmi aliona kioo cha meko kimeingia masizi, miali imelegea na kulamba magogo, dalili kwamba gesi inaungua vibaya na kutoa hewa ya sumu, akafunga koki ya gesi bila kuomba ruhusa, akafungua madirisha yote, baridi ikaingia mpaka kwenye sahani.

“Umekuja kula au kukagua nyumba yangu?” Délima akamuuliza.

“Nimekuja kula, mama, lakini watu watoke nje kwanza.”

Walipokuwa wanatoka ndipo ilipogundulika kwamba baba mkwe, mzee Télesphore, aliyejilaza chumbani akilalamikia kichwa tangu asubuhi, haamki, wakambeba mpaka kwenye gari wakamkimbiza hospitali, huku Helmi akikuta nje kwamba theluji iliyoporomoka kutoka paani imeziba mdomo wa bomba la kutolea hewa chafu. Mzee alipona. Kwenye korido ya hospitali Délima alimwambia, “Nilidhani unaniharibia sikukuu,” Helmi akajibu, “Nilijua, mama,” wakakaa wameshikana mikono.

Mzee aliporudi nyumbani, Délima aliomba afundishwe, naye Helmi akamwonyesha taratibu, kila gogo mahali pake kama kijitabu kinavyoelekeza, maungio ya bomba kupimwa kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti, tundu la hewa kurekebishwa na fundi kidogo kidogo mpaka masizi yakome, moto ukizimika kufunga gesi na kusubiri hewa isafike kabla ya kuwasha tena, theluji kuondolewa bombani, na king’ora cha hewa ya sumu kukaa karibu na vyumba vya kulala. Tangu hapo Délima aliwatambia majirani, “Mkwe wangu mimi ni fundi, wako anajua nini?”

Helmi alistaafu mwaka 2014, akaugua saratani ya kongosho kuanzia mwaka 2022, na alasiri ya tarehe 9 Februari 2024, akiwa nyumbani kwake, alimwomba Lise awashe meko, akamtazama anavyofanya, akasema, “Vizuri, sasa kaa,” Lise akakaa naye mpaka pumzi ya mama yake ilipokatika. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotuletea chakula na kusafisha njia yetu, na mafundi wenzake waliobeba jeneza asubuhi hii.

Helmi wetu, nyumba nyingi za mji huu zimelala salama kwa ajili yako, nawe sasa pumzika kwa amani.