Mchwa wa Musembi Wamehamia Wapi?

Kwenye benchi la mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Abshiro, hapa Tseikuru, hakuna jambo lisilojulikana. Mulwa, tunayemwita Injinia, aliwahi kubeba kokoto kwenye ujenzi wa daraja, na tangu siku hiyo hakuna hesabu inayomshinda. Nzioka ni Redio, hajawahi kuzimwa. Ndio hao waliomhakikishia jirani yao Musembi kwamba chini ya kichuguu lazima kuna maji. Naye, masikini, akabomoa kichuguu kizima nyuma ya nyumba yake mpya ya mbao, achimbe kisima ili mkewe Kavindu apumzike kubeba mitungi kutoka mtoni. Futi ishirini na tano, vumbi tupu. Leo amekuja na malengelenge mikononi na hasira zake kifuani.

— Maji iko wapi, Injinia?

— Iko! Mchwa anajenga na matope, sindio? Matope itatoka wapi bila maji?

— Labda ni mate yao.

— Mate ya kujenga gorofa? Hiyo nyumba iko na chumba ya malkia, iko na njia ya hewa, iko mpaka na shamba ya uyoga ndani. Mtu ako na plan hivyo lazima ako na bomba!

Redio akadakia:

— Bomba gani? Hao wanachota mto Tana. Wako na tunnel kutoka hapa mpaka Tana. Ongeza tu futi kumi.

— Juzi mlisema tano!

— Juzi tulikuwa hatujapima.

— Na leo mmepima na nini?

— Macho.

Musembi alitamani kuwamwagia kahawa. Zaidi ya hasira aliona aibu, mtu mzima kutumwa shimoni na watu wasio na hata jembe.

Roble, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akipita kwenda mnadani, alikuwa amesimama akiwasikiliza. Alimgeukia Musembi.

— Samahani, mzee. Hao mchwa ulibomolea nyumba, saa hii wanaishi wapi?

 

Musembi akakumbuka asubuhi ya siku hiyo. Kavindu alikuwa akipangusa kwenye ukuta wa mbao, juu ya kitanda, mstari mwembamba wa udongo mbichi, huku akiwagombeza watoto kwa uchafu wao.

— Unaenda wapi sasa? Hatujamaliza! — Redio aliita.

Musembi alikuwa ameshashika njia ya nyumbani, anakimbia.