Mahema Kando ya Singidani

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, kijiwe chetu cha Mandewa kilikuwa benchi moja na birika la kahawa la Klara. Ijumaa hiyo upepo ulikuwa umetulia, na ziwa Singidani lilimeremeta kule chini mpaka mtu unasahau ulichotaka kusema. Karibu na majabali yalikuwa yamesimama mahema matatu ya Wazungu. Mzee Alute hakuyaondolea macho. Nyumba yake ilikuwa pale pale kando ya maji, na Jumatatu lori lilikuwa linakuja kumhamisha.

— Wale ni wapima, alisema Mughwai, tuliyemwita Ramani kwa kuwa aliwahi kuwashikia wapima ardhi mnyororo siku mbili nzima. Wanapima upya. Mzee Alute, huhami!

— Kweli? Mzee alimgeukia.

— Wapima gani wanalala mchana? alidakia Antipasi, yaani Redio. Wale wanahesabu heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani. Kila heroe atapewa namba.

— Ya nini?

— Nao wahamie kijijini, bwana! Wakae kwa mistari.

Tulicheka, hata Klara.

— Hapana, Ramani akasema polepole, macho kule majini. Wamefuata ndoto. Maji yale ya chumvi hayalali. Ukilala jirani nayo, waliokufa wanakuja kukusalimia.

— Nimelala pale miaka arobaini, alisema Mzee Alute. Naota ng'ombe tu.

Hapo akapanda Luciana, aliyekuwa akiwapelekea Wazungu maziwa, kibuyu kitupu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba. Wale wana kazi gani, mama?

— Hawana. Wamekuja kutazama maji.

— Kutazama tu?

— Basi. Wanasema Mzee Alute ana bahati. Wameniuliza: alfajiri, ukisimama mlangoni kwake, maji yana rangi gani?

Redio akakohoa. Ramani akakuna goti. Maji yale hatunywi wala hatunyweshi mifugo, kwa hiyo sote tumejenga tukiyapa mgongo.

— Mlango wangu unatazama zizi, Mzee Alute alisema.

Nilimhurumia, nikajihurumia na mimi. Akaweka kikombe chini, akaanza kuteremka.

— Kahawa yako bado, mzee! Klara aliita.

— Inyweni. Mimi nimebakiwa na alfajiri tatu.