Wageni Waliouliza Mji Uko Wapi

Baraza yetu ya Wete ni simenti iliyopasuka na watu wasiochoka kusema. Yupo Mjaka, tunayemwita Redio. Yupo Nyange, tunayemwita Baharia kwa kuwa aliwahi kufika Tanga. Mimi naitwa Hakimu, ingawa hakuna anayekubali hukumu zangu. Kahawa ni ya Shaame. Asubuhi ya leo wazungu wawili, mume na mke, walishuka kwenye meli ya Unguja, wakalipiga picha jengo la sinema, lililotupa mgongo, mbele na ubavuni, wakanywa kahawa pale mlangoni kwa muuzaji mwengine. Kisha wakaingia uchochoroni kwetu, wakasimama mbele yetu, na yule mume akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni: "Tafadhali, mji uko wapi?" Wakageuka, wakarudi zao bandarini. Tangu hapo Shaame kanuna. Anasema dele hili la kahawa likimalizika anahamia mlangoni mwa sinema, nami roho inaniuma, maana bila yeye hapa hapakaliki.

Redio: Ntu kasimama mjini, auliza mji! Yule mgonjwa, wallahi.

Shaame: Mgonjwa, mbona kule kanywa vikombe viwili? Mimi n'kamkaribisha, kasema ahsante, kapita.

Baharia: Yakhe, mimi nimefika Tanga, nawajua hawa. Mzungu haoni kitu mpaka akate tikiti. Hapa hapana tikiti, basi jicho halifunguki.

Redio: Basi na sisi tukatishe!

Mimi: Waje kuona nini?

Redio: Wakuone wewe.

Mimi: Astaghfirullah! Mlango wangu una nakshi tangu enzi ya babu. Mbona hawakuutazama?

Baharia: Uko wazi kutwa. Ufunge, uweke ntu nje awakataze watu kuingia. Utawaona watakavyojipanga.

Mimi: Na mimi n'ende ndani kula vipi?

Baharia: Utajipanga na wewe.

Shaame: Nyie chekani. Mimi nina watoto.

Tuliona haya. Redio hakuweza kustahimili.

Redio: Tulete ng'ombe wa mchezo, akimbize watu hapa hapa!

Mimi: Uchochoro huu? Akigeuka tu, kaangusha ukuta wa jirani yetu Bi Tamima.

Redio: Ndiyo picha yenyewe hiyo!

Baharia: Hamjui nyie. Sinema ina taa kali. Taa ile ikimwingia mgeni machoni, siku tatu haoni chengine ila sinema. Akipiga picha, anapiga picha jicho lake mwenyewe.

Nilijaribu kuyaelewa maneno haya, nikashindwa, nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Ndipo akatokea mwanamke mtu mzima wa buibui, kikapu cha ndizi kichwani, ameshuka kwenye gari ya kutoka Makangale.

— Asalaam alaikum, wanangu. Mimi Bi Tatu.

— Wa alaikum salaam. Shikamoo, bi.

— Marahaba. Natafuta kwa mwanangu Zuweina, mke wa Soud. Kanambia nyuma ya sinema.

Redio: Ndipo hapa, bi. Nyumba ya pili ile.

Bi Tatu alitua kikapu apumzike. Shaame akammiminia kahawa, ikatoka nusu kikombe na machicha, dele likawa limekwisha. Bibi akapiga funda, akatazama huku na huku.

Bi Tatu: Na kabla haijajengwa hiyo sinema, hapa mkipaitaje?

Baharia: Hapa? Hapa tukipaita... Redio, tukipaitaje?

Redio: Si wewe uliyezaliwa hapa?

Baharia: Nimezaliwa, lakini sikuuliza.

Wakanigeukia mimi. Nilifungua mdomo. Sauti ya marehemu mama nilikuwa naisikia kabisa, akiniita nirudi nyumbani jioni, akinitajia jina la hapa. Jina lenyewe halikuja. Nilisikia aibu, tena huzuni.

Mimi: Hapa, bi... ni nyuma ya sinema.

Shaame: Basi mimi n'enda mbele yake.

Akabeba dele lake tupu, akaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemzuia. Bi Tatu alikuwa bado ameshika kikombe, anatutazama, anangoja jina.