Mama Mwamba na Kisima cha Mwisho

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mwamba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa mshonaji na dereva wa lori. Utotoni alifungua saa ya ukutani aone kinachoizungusha. Kuifunga tena kukawa kazi ya baba.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1991 akahitimu shahada ya jiolojia. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye visima vya mafuta. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari zote za chini ya ardhi, yaani mawe, vipimo vya shinikizo na historia ya kila kisima, na kujenga modeli moja ya kompyuta inayoonyesha mafuta yamebaki wapi.

Mwaka 1996 aliolewa na fundi wa pampu za kuingiza maji ardhini, yale yanayosukuma mafuta kuelekea visimani. Walianza kwa ugomvi.

“We fundi, maji yako yanakwenda wapi?”

“Mimi nasukuma tu, bibie. Kuyafuata ni kazi yako.”

Akayafuata mpaka akaolewa. Walijaliwa binti na mwana.

Visima vilizeeka, vikatoa maji kuliko mafuta, na mwaka 2021 wakubwa wakataka kuvifunga vyote. Dada aliomba vichimbwe viwili vya mwisho. Cha kwanza kilitoa maji matupu. Alitaka tuliseme hili bila kupakapaka: kosa lilikuwa lake. Modeli ilipokataa kuoana na historia ya visima, alizipanua njia za maji ndani ya mwamba, kwenye kompyuta tu, mpaka hesabu zikakubali. Wakubwa wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Hakukaa kitako. Alirudi kwenye ghala la sampuli za mawe ya visima, akayapanga sakafuni, akakuta tabaka la udongo, jembamba kama ukucha, alilokuwa amelipuuza. Maji yalipita chini yake, mafuta yakabaki juu. Kwa ushahidi huo wakubwa wakakubali kisima cha pili kichimbwe.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua na kompyuta mapajani.

“Mama watoto, zima hicho kitu,” mumewe alimsihi.

“Nikizima, nani atawaambia wachimbe wapi?”

Tulimkasirikia, na tulimwonea huruma. Tarehe 9 Juni mchimbaji wa kisima hicho cha pili alimpigia simu. “Mama, yametoka! Mafuta!”

“Msinidanganye mimi mgonjwa.”

“Kweli tupu, Mama.”

“Basi yaacheni yatoke mwezi mzima, ndipo mshangilie. Kisima kipya huwa na maneno mengi.”

Alifariki tarehe 21 Juni, saa kumi jioni, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake, na wenzake wa visimani ambao ajira zao zinaning'inia kwenye kisima hicho. Wamekataa kushangilia kabla mwezi haujatimia. Shemeji ameomba tuongeze kwamba leo alfajiri, kabla ya kuvaa nguo za msiba, alikwenda kukipima mwenyewe. Ni mafuta.

Pumzika kwa amani, dada. Zamu iliyobaki ni yetu.